Usalama wa Upasuaji wa Jeraha Dogo kwa Wanawake Wazee: Mazingatio ya Kisera kwa Gitega na Muyinga

Upasuaji wa jeraha dogo katika magonjwa ya wanawake hufanyika kwa njia mbili kuu: kupitia matundu madogo ya tumbo kwa msaada wa kamera, au kupitia ukeni bila kulipasua tumbo. Mijadala mingi huitazama njia ya kwanza pekee. Makala haya yanadai kwamba, kwa wanawake wenye umri wa miaka 60 na zaidi katika Gitega na Muyinga, nchini Burundi, njia ya pili ina uzito mkubwa zaidi kisera, na kwamba usalama hutegemea matunzo kuliko ukubwa wa jeraha.

Chimbuko la hitaji hilo ni uzazi. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2010 ulionyesha wastani wa watoto 6.4 kwa kila mwanamke wa Burundi. Ule wa 2016–2017 ulionyesha 5.5. Uzazi wa mara nyingi hulegeza misuli ya nyonga, na kukoma kwa hedhi huzidisha ulegevu huo. Ndiyo maana kushuka kwa kizazi hujitokeza aghalabu uzeeni.

Katika upasuaji wa kamera, tumbo hujazwa kaboni dayoksaidi na mgonjwa hulazwa kichwa kikiwa chini. Mapafu hubanwa, moyo huongezewa mzigo, na nusukaputi huhitajika. Wazee wengi huhimili hali hiyo iwapo shinikizo la hewa litapunguzwa na mtaalamu wa usingizi yupo. Njia ya ukeni huweza kutumia ganzi ya uti wa mgongo. Mbinu ya kuufunga uke iliyoelezwa na Léon Le Fort mwaka 1877 ni fupi na humfaa mgonjwa dhaifu, lakini huzuia tendo la ndoa daima. Kwa hiyo ridhaa itolewe na mwanamke mwenyewe, kwa lugha aielewayo, wala si na wanawe kwa niaba yake.

Jeraha dogo pekee si dhamana. Mwaka 2018, jaribio la kimataifa kuhusu saratani changa ya shingo ya kizazi lilibaini kwamba waliopasuliwa kwa matundu madogo walikuwa na hatari kubwa zaidi ya saratani kurejea kuliko waliopasuliwa tumbo. Mwaka huohuo, utafiti wa nchi 25 za Afrika ulionyesha kwamba vifo vingi vya upasuaji hutokea baada ya mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji. Hatari hiyo, basi, imo wodini.

Gitega ina funzo la karibu. Mwaka 2010, Madaktari Wasio na Mipaka walianzisha huko kituo cha Urumuri, kilichowatibu bila malipo wanawake wenye fistula ya uzazi, maradhi ambayo aghalabu hurekebishwa kupitia ukeni. Kwa upande wa sera, tangu 2006 Burundi imeondoa malipo ya uzazi na ya matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano. Hata hivyo, msamaha uliojengwa juu ya tukio la kujifungua haumfikii bibi anayeathirika miongo kadhaa baadaye kutokana na uzazi uleule.

Inapendekezwa, kwanza, madhara ya uzazi yanayojitokeza uzeeni yahesabiwe kuwa sehemu ya huduma za uzazi. Pili, vituo vya afya vipime shinikizo la damu, sukari na wekundu wa damu, na kutoa pete ya ukeni kwa wasiofaa kupasuliwa. Tatu, kabla ya kununua kamera, ziimarishwe huduma za ganzi na uuguzi wa baada ya upasuaji.