Risasi Isiyo ya Risasi

Lugha yetu imeyapa mambo mawili jina moja. Risasi ni madini yale mazito na laini ambayo mvuvi huyafanya chubwi ya mshipi wake. Na risasi ni kile kitokacho mdomoni mwa bunduki. Si ajabu, kwani kwa karne nyingi hiki kilitengenezwa kwa yale. Leo yapo mataifa yanayotaka kuvitenganisha, na kisiwa cha Hokkaido, huko Japani, kina mengi ya kutufunza sisi watu wa visiwani.

Kila majira ya baridi, tai wakubwa wa baharini, jamaa wa mbali wa furukombe wetu, huhamia Hokkaido kutoka Urusi. Katika miaka ya 1990 wawindaji waliwapiga kwa wingi kulungu waitwao sika, wakaacha matumbo na mizoga msituni. Tai wakala, na wakaanza kuokotwa wamekufa kwa sumu. Risasi ya kawaida ipigapo mfupa humeguka vipande, pengine mamia, vidogo mno kuonekana kwa macho. Ndege huvimeza, na vingine vyaweza kufika katika sufuria ya binadamu. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutamka kwamba hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Mwaka 2000 wenye mamlaka wa Hokkaido walikataza kuwapiga kulungu kwa risasi za madini hayo. Hata hivyo tai waliendelea kufa, maana ni nani awezaye kumchungua kila mwindaji porini? Ndipo mwaka 2014 ikakatazwa hata kuzichukua katika uwindaji wa kulungu. Jimbo la California, Marekani, lilizikataza katika uwindaji wote tangu Julai 1, 2019, na Denmark ikafuata kwa risasi za bunduki za mtutu wenye mifuo mwaka 2024.

Badala yake hutumika shaba. Hapo wawindaji wengi walinung'unika: shaba haiendi sawa, na mnyama atakimbia na jeraha. Malalamiko haya si ya kupuuzwa. Lakini majibu yake wanayo mafundi wa Marekani na kwingineko wanaojijazia risasi wenyewe.

Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina uzito wa gramu 11.3, ya shaba, gramu 8.9 tu. Basi kichwa cha shaba chenye uzito uleule huwa kirefu zaidi. Kirefu huhitaji mifuo inayozunguka upesi zaidi ndani ya mtutu, la sivyo huyumba hewani. Kadhalika hujaza nafasi ya baruti ndani ya ganda. Na kwa kuwa shaba ni ngumu, kikikaa karibu mno na mifuo, mgandamizo wa gesi hupanda kwa hatari. Kwa hiyo aliyebadili kichwa peke yake, akaacha kipimo cha zamani, amejidanganya.

Fundi mwangalifu huanza upya. Huchagua kichwa chepesi kidogo, huanza na kipimo cha chini cha baruti kilichoandikwa katika vitabu vya watengenezaji, na hupandisha kidogo kidogo, akipima kila ganda kwa mizani. Hupiga tano tano katika shabaha, siku isiyo na upepo, na kutazama matundu yanavyokusanyika. Fataki ikibonyea kupita kiasi au komeo likiwa zito kufunguka, hukoma na kurudi nyuma. Kisha hubadili kina cha kichwa ndani ya ganda, na mwisho hupima mwendo kwa chombo maalumu. Kwani tofauti ya mwendo isiyoonekana kwa mita 100 huonekana waziwazi kwa mita 400.

Hata hapo shaba ina mpaka wake. Haipasuki, hufunguka kama ua, na hufunguka tu ikiwa ingali na mwendo wa kutosha. Umbali halali wa kupiga huishia pale mwendo huo unapokwisha, hata kama shabaha ya karatasi bado yapigika. Karatasi haina uchungu, kulungu anao.

Funzo kwa wenye madaraka ni dhahiri. Kukataza ni rahisi kwa kalamu, lakini sheria isiyomwonyesha mwananchi njia ya kuitii huzaa udanganyifu, na ile isiyoweza kukaguliwa hubaki karatasi. Hokkaido ilingoja miaka 14 kabla ya kuziba mwanya, na tai ndio waliolipa gharama. Yeyote atungaye amri kuhusu nyavu, misitu au silaha, na awaulize kwanza wale wanaovishika vyombo hivyo mikononi: kipi kitawashinda, na kwa nini? Majibu yao yawekwe ndani ya sheria, yasingoje kufuata mazishi.