SARATANI YA UTUMBO MPANA: KUWAHI KUNAOKOA MAISHA NA FEDHA



Tunapopita nyumba kwa nyumba, swali moja tunaulizwa mara kwa mara: "Kwa nini mgonjwa huyu wa kansa alipelekwa Kampala, na yule mwingine akaambiwa abaki?" Wengine hujibu kwamba ni ukabila. Wengine husema ni rushwa. Katika karatasi hii tunaeleza jinsi uamuzi wa namna hiyo unavyofikiwa. Tumechukua mfano wa saratani ya utumbo mpana, kwa sababu ikigunduliwa mapema hutibika vizuri kwa gharama ndogo, na ikichelewa hula fedha nyingi na wanaopona ni wachache.

UGONJWA HUU NI NINI?

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya matumbo, ambako chakula kilichosagwa hugeuka kuwa choo kabla ya kutoka. Ndani yake vinaweza kuota vinyama vidogo visivyouma. Vingi havina madhara, lakini kimoja kinaweza kugeuka polepole, kwa miaka mingi, kikawa saratani. Baadaye saratani hiyo hupenya ukuta wa utumbo, huingia katika tezi za jirani, na mwisho hufika kwenye ini au mapafu.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala si uchawi. Mwaka 2022 watu zaidi ya 1,900,000 duniani waligunduliwa kuwa nao, na zaidi ya 900,000 walikufa. Huwapata zaidi watu waliopita miaka 50, wenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua, wavutaji wa sigara na wanywaji wa pombe nyingi. Hata hivyo, hospitali za Afrika Mashariki hupokea pia wagonjwa wa miaka 30 na 40. Kwa hiyo kijana asiseme, "Huo ni ugonjwa wa wazee."

KWA NINI TUNACHELEWA?

Hapa kambini mtu akiona damu katika choo, jambo la kwanza analofikiri ni amiba, kuhara damu au bawasiri. Mara nyingi anafikiri sawasawa. Kosa linaanza pale anaponunua dawa ileile dukani mara ya pili, ya tatu na ya nne, huku damu ikiendelea. Miezi sita inapita, au mwaka mzima.

Sababu nyingine ni aibu. Baba hataki kumweleza muuguzi kijana habari za choo chake. Mama anaogopa kuvua nguo. Ndugu zangu, wauguzi husikia habari hizo kila siku, na siri ya mgonjwa inapaswa kulindwa.

Dalili za kuangalia ni hizi:

1. Damu katika choo, nyekundu au nyeusi, inayoendelea au kurudi baada ya kumaliza dawa.
2. Choo kubadilika kwa wiki kadhaa: kufunga, kuharisha, au kuwa chembamba kuliko kawaida.
3. Kuhisi haja wakati wote hata baada ya kutoka chooni.
4. Kukonda, kuchoka na kupungukiwa damu bila sababu inayojulikana.
5. Maumivu ya tumbo yasiyokwisha, au uvimbe unaoguswa tumboni.

Tumbo likijaa ghafla, ukatapika na usiweze kutoa choo wala hewa, usingoje asubuhi. Utumbo unaweza kuwa umeziba. Nenda kituo cha afya saa hiyohiyo.

VIPIMO VYAKE NI VIPI?

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mganga huvaa glavu, hupaka mafuta na kuingiza kidole katika njia ya haja kubwa. Ni dakika moja tu, na uvimbe ulio sehemu ya chini unaweza kuguswa hivyo. Pia hupimwa kiasi cha damu mwilini. Kukiwa na wasiwasi, mgonjwa hupelekwa hospitali kubwa, ambako mpira mwembamba wenye taa na kamera hupitishwa ndani ya utumbo. Kipande kidogo cha nyama hukatwa na kupelekwa maabara. Jibu la maabara ndilo linalothibitisha kama ni saratani au siyo.

HATUA NA GHARAMA

Madaktari hugawa saratani hii katika hatua nne.

Hatua ya kwanza: iko ndani ya ukuta wa utumbo. Kwa kawaida operesheni moja inatosha.

Hatua ya pili: imepenya ukuta. Operesheni hufanywa, na baadhi ya wagonjwa huongezewa dawa.

Hatua ya tatu: imeingia katika tezi za jirani. Mgonjwa hufanyiwa operesheni, kisha hupewa dawa kali za saratani kwa miezi kadhaa. Ikiwa uvimbe uko karibu na njia ya haja kubwa, mara nyingi huongezwa tiba ya mionzi.

Hatua ya nne: imefika mbali. Kwa wengi, dawa huongeza muda wa kuishi na kupunguza mateso, lakini haziponyi.

Takwimu za Marekani zinaonyesha tofauti. Katika kila wagonjwa 100 waliogunduliwa saratani ikiwa bado ndani ya utumbo, takriban 90 huwa hai baada ya miaka mitano. Waliogunduliwa imekwisha kufika mbali, ni kama 15 tu. Huko matibabu ni mengi kuliko kwetu, na bado aliyechelewa hawezi kumfikia aliyewahi.

Gharama nazo hupanda hatua kwa hatua. Aliyewahi hulipiwa operesheni moja. Aliyechelewa anahitaji operesheni, dawa, mionzi, safari za kwenda Kampala, malazi na chakula cha anayemwuguza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

UAMUZI WA KUPELEKWA HUFANYWAJE?

Mwaka 2009 UNHCR ilitoa mwongozo kuhusu wagonjwa wa rufaa, yaani wanaohitaji hospitali kubwa. Kwa sababu fedha hazitoshi wote, kesi za gharama kubwa hupitiwa na kamati. Mambo mawili hupewa uzito mkubwa: nafasi ya mgonjwa kupona, na gharama ya tiba.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulieleza hali ya wakimbizi nchini Jordan. Kati ya 2010 na 2012 kamati ya huko ilipokea maombi 1,989. Kati yake, 511 yalikuwa ya saratani. Yaliyokubaliwa ni 246, pungufu ya nusu. Sababu kubwa ya kukataliwa ilikuwa kwamba ugonjwa umekwisha kuenea na matumaini ya kupona ni madogo. Mwaka 2011 ombi moja la saratani lilikuwa, kwa wastani, la dola 11,540. Fedha hizo zingeweza kulipia huduma za kawaida za watu wengi.

Ni jambo chungu. Kukataliwa hakumaanishi kwamba maisha ya mgonjwa hayana thamani. Lakini tusifichane ukweli: mtu anayefika akiwa hatua ya kwanza ana nafasi kubwa zaidi ya kukubaliwa kuliko anayefika akiwa hatua ya nne. Familia ikipewa jibu la kukataliwa, na iulize kwa heshima sababu ni ipi, na kama kesi inaweza kuangaliwa tena kukiwa na majibu mapya ya hospitali.

UTAFITI UMELETA NAFUU GANI?

Zamani wagonjwa wa hatua ya tatu walipewa dawa miezi sita baada ya operesheni. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 12,800. Wengine walitumia dawa miezi sita, wengine mitatu. Baada ya miaka mitatu, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa karibu sawa: kama 75 katika 100 kwa makundi yote mawili. Ganzi na maumivu ya mikono na miguu yaliwapata waliotumia miezi sita karibu mara tatu zaidi. Basi kwa baadhi ya wagonjwa miezi mitatu inatosha, na gharama hupungua. Lakini anayepanga ni daktari. Usiache dawa kwa uamuzi wako.

Mwaka 2025 ulitoka utafiti mwingine, wa wagonjwa 889 waliokwisha kumaliza operesheni na dawa. Nusu walisaidiwa kufanya mazoezi kwa miaka mitatu, kwa mfano kutembea kwa haraka dakika 45 hadi 60 mara tatu au nne kwa wiki. Baada ya miaka minane, 90 katika 100 walikuwa hai, na katika kundi lisilosaidiwa hivyo walikuwa 83. Mazoezi hayachukui nafasi ya operesheni wala dawa. Lakini kwa aliyemaliza tiba, njia za kambi yetu ni bure.

NA ALIYECHELEWA?

Bado ana haki ya kutuliziwa maumivu. Hapa Uganda, Hospice Africa ilianzishwa Kampala mwaka 1993, na baadaye ikafungua tawi Mbarara. Inatumia morfini ya maji ya kunywa, dawa ya bei ndogo, na tangu 2004 wauguzi wenye mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika. Mgonjwa asilale akilia usiku kucha kwa kuwa ameambiwa hakuna operesheni. Mwulize mganga kuhusu dawa hiyo.

TUNAWASHAURI

1. Damu ikirudi baada ya dawa, usinunue nyingine dukani. Rudi kituo cha afya.
2. Sema wazi: "Natoka damu tangu mwezi fulani, nimetumia dawa hizi." Chukua makasha ya dawa.
3. Kama mzazi au ndugu yako alikuwa na saratani ya utumbo, sema hivyo.
4. Omba upimwe kwa kidole na upimwe damu. Usione haya.
5. Tunza kadi, barua za rufaa na majibu ya maabara mahali pasipoingia mvua. Kamati inaamua kwa kusoma makaratasi hayo.
6. Ukiombwa fedha ili jina lako liwekwe mbele, usitoe. Toa taarifa.

Mwenye swali amwone mhudumu wa afya wa kijiji chake. Asiyejua kusoma na asomewe na jirani.