Bajaji ya Umeme na Tumbo Linalolamba Ardhi

Anayekwenda dukani kununua bajaji ya umeme kwa kawaida huwa na maswali yake tayari: bei ni kiasi gani, betri ikijaa itakwenda kilomita ngapi, na itachukua saa ngapi kujaa tena. Ni maswali ya haki, na muuzaji ana majibu yake kwenye karatasi ya rangi. Lipo swali jingine ambalo karatasi hiyo hulipitia kwa tarakimu moja tu, tena pembeni: kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya chombo ni sentimita ngapi? Kwa familia inayoishi kando ya lami hilo ni jambo dogo. Kwa walioko Chanika, Mbagala ya ndani au Kigamboni, kule ambako lami huishia na njia ya mtaa ikageuka mtaro kila masika, swali hilo ndilo litakaloamua kama chombo kitadumu.

Sababu yenyewe ni betri. Tumbo la bajaji ya petroli likigonga tuta, aghalabu kinachoumia ni chuma, na fundi wa mtaani hukinyoosha kwa nyundo. Bajaji ya umeme hubeba betri nzito, na waundaji hupenda kuiweka chini. Wana hoja yao, kwani chombo cha magurudumu matatu ni chepesi kupinduka kwenye kona, na uzito ukikaa chini hutulia. Lakini betri hiyohiyo inayokizuia kisipinduke ndiyo sehemu yake ya gharama kubwa, nayo sasa iko karibu na mawe. Kwa hiyo, kabla ya kusoma tarakimu yoyote, iname utazame betri imekaa wapi. Ikiwa iko chini ya kiti, juu ya fremu, umepata nafuu. Ikiwa kasha lake limejitokeza chini ya sakafu, kipimo chako kianzie kwenye kasha hilo. Kipimo cha fremu hakitakufaa.

Jambo la pili ni uzito wa watu. Tarakimu iliyochapishwa mara nyingi ni ya chombo kitupu, nacho hakinunuliwi ili kitembee kitupu. Tuseme karatasi inasema sentimita 17. Sasa apande dereva, na nyuma yake mama, bibi na mtoto mkubwa mmoja, miguuni mwao mfuko wa mchele wa kilo 25. Springi zikishuka sentimita 4, zimebaki 13. Gurudumu la mbele likiingia kwenye shimo lenye kina cha sentimita 10, sehemu ya katikati ya chombo hushuka nusu ya kina hicho, yaani sentimita 5. Zimebaki 8. Jiwe la ukubwa wa ngumi hulifikia tumbo hilo bila taabu. (Sizungumzii wale wanaopakia watu sita na magodoro, hao hesabu yao ni nyingine kabisa.)

Hata dereva mwangalifu hawezi kulimaliza tatizo hili kwa usukani. Mwenye gari la magurudumu manne akiona shimo au jiwe hulipitisha katikati, gurudumu moja huku na jingine kule. Bajaji ina njia tatu za magurudumu: mbili za nyuma na moja ya mbele, na hiyo ya mbele hupita katikati hasa. Kinachokwepwa na gurudumu moja huangukia jingine. Katika barabara ya udongo mambo huzidi. Magari makubwa huchimba mifereji miwili na kuacha mgongo katikati. Gurudumu la mbele la bajaji hupanda mgongo huo. Yale ya nyuma, ambayo yamekaribiana kuliko ya gari, hayalingani na mifereji: ama moja huzama na chombo kikalala upande, ama yote mawili huteleza kwenye kingo na tumbo likakaa juu ya mgongo kama mtumbwi uliokwama fungu la mchanga. Matairi yenyewe ni madogo, na tairi dogo huzama zaidi shimoni kuliko kubwa.

Kwa hiyo nenda dukani na futi ya fundi, na uende na watakaopanda. Wengi wetu huenda peke yetu, tukarudi nyumbani na ufunguo na tabasamu, ilhali mama watoto ndiye atakayekaa juu ya betri hiyo kila siku akiwapeleka watoto chuoni na kurudi sokoni. Wapandishe wote, kisha upime tena. Nyumbani nako pima tuta baya kuliko yote katika njia yako ya kila siku. Yale yaliyomwagwa na wakazi wenyewe kwa zege au kifusi ndiyo makali, maana hayana mteremko. Kwenye mgongo wa barabara ya udongo, laza ubao ulionyooka juu yake, sawa kwa pande zote, upime kutoka ubaoni hadi chini ya mifereji. Kipimo cha chombo kilichopakiwa kisipokizidi cha njia kwa sentimita kadhaa, tafuta chombo kingine.

Pana suala la makubaliano pia. Tumbo la chini si aibu iliyofichwa. Linaonekana na kila anayeinama, kwa hiyo mnunuzi asitegemee kulirudisha baadaye kwa dai hilo. Lakini hiyari ya sharti ipo, na kwa madhehebu yetu ya Shafii muda wake haupiti siku 3. Liwekwe sharti hilo waziwazi na kwa maandishi wakati wa kununua, kisha chombo kipitishwe mtaani kwako, kikiwa na watu. Muuzaji anayekataa hata kukijaribu kwenye barabara ya vumbi amekwisha kukujibu. Uliza vilevile kama dhamana ya betri inahusu kugongwa kwa chini. Mara nyingi haihusu.

Wapo watakaokwambia, “Nunua tu, fundi atainyanyua.” Siafiki. Kuongeza vipande kwenye springi au kufunga matairi makubwa huinua uzito wote juu, nao uzito wa chini ndio uliokuwa ukikilinda chombo kwenye kona. Utakuwa umeiokoa betri kwa kuwahatarisha abiria, na huenda dhamana ikafutwa. Bamba la chuma chini ya kasha la betri lina faida, mradi lisizibe njia za hewa na maji. Ila nalo hula sentimita yake moja na kuongeza uzito.

Kuhusu maji, tazama herufi IP na tarakimu mbili zinazofuata kwenye betri. IP65 maana yake vumbi halipenyi na maji yanayorushwa hayaingii; si ruhusa ya kuzamisha. IP67 imejaribiwa kuzama kwenye maji ya mita 1 kwa dakika 30. Majaribio hayo hufanywa kwa kasha zima, jipya. Kasha lililogongwa na kupata ufa halina tena haki ya tarakimu hizo, na dimbwi la kwanza la masika litalionyesha hivyo.

Jambo hili linagusa mpaka chumba cha kulala, kwa kuwa wengi huchaji usiku barazani, chini ya dirisha la watoto. Betri ya lithiamu iliyobonyea yaweza kuonekana salama jioni, kisha ikapata moto baada ya saa kadhaa, au hata siku kadhaa. Dereva akisema amegonga chini, msimwambie ni kelele tu. Chombo kiegeshwe mahali pa wazi, mbali na ukuta, na mtu achungulie chini kwa tochi. Pakiwa na mbonyeo, ufa, harufu kali, joto lisilo la kawaida au unyevu kwenye kasha, chaja isichomekwe usiku huo wala kesho yake, na chombo kisirudi barabarani hadi fundi anayezijua betri hizi aje aikague.