Tusiwafungie vijana "Mzingile"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu walimu wenzangu wa Masasi na Newala wanaodai kuwa Euphrase Kezilahabi aliharibu kazi yake alipoandika "Nagona" (1990) na mwendelezo wake, "Mzingile" (1991).

Wanasema "Rosa Mistika" (1971) ina msichana tunayemfahamu na baba mlevi tunayemfahamu. "Gamba la Nyoka" (1979) inaeleza wazi habari za vijiji vya ujamaa. Lakini "Mzingile" ni dunia iliyoangamia na njia zisizo na mwisho. Basi kijana akija kuazima, huambiwa kitabu hicho hakimfai.

Mimi sikubali. Sisi wa uwanda wa Makonde ndio tusiopaswa kushangaa. Katika miaka ya 1950 Samaki Likankoa, mchongaji wa Kimakonde aliyetoka Msumbiji, alianza kuchonga mashetani badala ya sura za watu. Mpingo ulikuwa ule ule. Leo nani atasema vinyago vile si vya Kimakonde?

Maswali ya Kezilahabi nayo ni yale yale: mtu anaishi kwa ajili ya nini, na nani ana haki ya kumwamulia? Zamani aliyauliza nyumbani na kijijini. Hapa anayauliza mahali pasipo na jina.

Tukiwafundisha vijana kuwa fikra nzito ni za vitabu vya Kiingereza tu, tutakuwa tumekidhulumu Kiswahili. Nashauri tuanze na "Nagona", tusome kurasa chache kwa sauti, tubishane, ndipo tufungue "Mzingile".

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Newala.