Ramani ya Kulipia Isimwache Mchezaji Peke Yake

KIJANA wa Nakalale, Kakuma au Lodwar anayependa michezo ya mtandaoni ana mambo matatu ya kugharimia: simu au kompyuta, umeme wa kuichaji na bando ya intaneti. Katika michezo kadhaa lipo jambo la nne, nalo ni ramani za ziada, ambazo huuzwa kando baada ya mchezo wenyewe kununuliwa.

Ramani hapa si ile ya somo la jiografia. Ni uwanja ambao wachezaji hukutana: mji, msitu, jangwa au meli. Mchezo huja na viwanja vyake vya kwanza, kisha baada ya miezi michache kampuni hutengeneza vingine na kuviuza. Katika michezo ya Call of Duty, kwa mfano, kifurushi kimoja cha ramani kiliuzwa kwa dola 15 za Marekani kuanzia mwaka 2010.

Hakuna ubaya mtu kulipwa kwa kazi yake. Taabu iko mahali pengine: mnunuzi anaweza kulipa, akafungua uwanja wake mpya, akakosa mtu wa kucheza naye.

Mfano wa matatu

Ili kuelewa jambo hili, fikiria stendi ya magari ya Lodwar. Matatu ya kwenda Kakuma haiondoki mpaka ijae. Sasa magari mawili yakianza kupakia kwa wakati mmoja, abiria hugawanyika, na wote hukaa juani wakingoja. Abiria ni wale wale, lakini safari imechelewa.

Katika mchezo wa mtandaoni, kazi ya kondakta hufanywa na kompyuta kubwa iitwayo seva. Hiyo ndiyo inayokusanya wachezaji walio tayari na kuwapanga katika mechi. Tuseme mechi inahitaji watu 12, nao wanaosubiri ni 40. Wakiwa foleni moja, zitapatikana mechi 3 na watu 4 tu watabaki wakingoja. Lakini ikiwa 10 kati yao wamenunua ramani mpya na kuwekwa katika foleni yao, hawatimizi hata mechi moja. Wale 30 waliosalia watapata mechi 2, na 6 watabaki. Waliolipa zaidi ndio wanaokaa bure!

Umbali nao ni adui

Huenda msomaji akasema kwamba duniani kuna mamilioni ya wachezaji, basi wa kucheza naye hawezi kukosekana. Hesabu hiyo haimfai mtu wa Turkana. Kila anapobonyeza, ujumbe husafiri hadi kwenye seva na kurudi. Seva ikiwa Johannesburg au Ulaya, ujumbe huchelewa, na anayecheza hujikuta amepigwa kabla hajamwona adui. Kwa hiyo seva hujaribu kuwaunganisha watu walio karibu karibu. Mahali penye wachezaji wengi, kuwagawa hakuonekani sana. Mahali penye wachache, kugawa ni kuua mchezo.

Wengine walifanyaje?

Watengenezaji wameyaona haya kwa muda mrefu. Mwaka 2005, ramani za Halo 2 ziliuzwa kwanza, kisha baada ya miezi michache zikatolewa bure ili wachezaji wote wawe pamoja. Mchezo wa Titanfall uliotoka mwaka 2014 uliuza ramani. Ule wa pili, wa mwaka 2016, uliwapa wote bure. Gears of War 4, wa mwaka huo huo, ulipata njia ya katikati: kila mtu aliruhusiwa kucheza ramani mpya katika mechi za watu wote, ila aliyetaka kuzitumia katika mechi zake binafsi ndiye aliyezinunua. Mwaka 2019 hata Call of Duty: Modern Warfare uliacha kuuza ramani. Fedha zilitafutwa kwenye mavazi na mapambo, vitu ambavyo havimtengi mtu na mwenzake.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Lual Mayen, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi nchini Uganda, alikusudia mchezo wake Salaam uwe na manunuzi ya aina nyingine: mchezaji anapomnunulia mhusika chakula, maji au dawa, fedha hizo ziwafae wakimbizi wa kweli. Mamake alidunduliza miaka mitatu apate dola 300 za kumnunulia kompyuta. Kwa jamaa za namna hiyo, dola 15 si pesa ya kuchezea.

Yafaayo kufanywa

Kwa michezo ambayo bado inauza ramani, marekebisho hayahitaji miujiza. Kwanza, foleni iwe moja. Seva iwapate watu kwanza, ndipo ichague uwanja ambao wote wanao. Pili, mmoja akiwa ameinunua ramani, aweze kuwakaribisha rafiki zake waicheze naye. Bao la kete 64 huwa la mtu mmoja, lakini hatujasikia mgeni akidaiwa ada ya mashimo. Tatu, kabla ya mtu kulipa, aonyeshwe ni wangapi katika eneo lake wanaoicheza ramani hiyo na atangoja dakika ngapi. Nne, baada ya muda uliotangazwa, ramani ziwe za wote.

Nanyi wazazi, mtoto akiomba pesa za ramani, msikimbilie kukataa wala kutoa. Mwulizeni: ni rafiki zako wangapi wanayo? Mechi hupatikana baada ya muda gani? Je, ramani hii haitatolewa bure baadaye? Akiyajibu vizuri, amejifunza kununua kwa akili. Akishindwa, pesa hizo zingoje.

Mchezo wa mtandaoni, kama mpira wa uwanjani, ni watu. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala mchezaji mmoja hafanyi mechi, hata akiwa na ramani zote za dunia.