Mkono wa Nani?

Vijijini Kilosa na Mikumi gazeti moja huhudumia watu wengi: mmoja husoma, wengine husikiliza. Basi yafaa tulitazame neno moja ambalo halikosi katika habari, nalo ni neno MKONO. Hata mtoto mdogo alijua. Lakini magazetini neno hili hufanya kazi nyingi, na nyingine ni za hatari.

Kwanza, mkono ni kiungo cha mwili, tangu begani mpaka vidoleni. Ukisoma kwamba utingo ameumia mkono katika barabara kuu ya Mikumi, hujui bado kama ni kiganja, kiwiko au bega. Mwandishi mwema hutaja mahali penyewe. Tena mkono ni kipimo cha wazee wetu, tangu kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Shati lina mkono, sufuria ina mkono, na mto unapogawanyika huwa na mkono wake. Hata ndizi! Mkono wa tembo ni ndizi kubwa ya kupika, wala si kiungo cha tembo wa Hifadhi ya Mikumi. Kile anachotekea maji na kung'olea migomba huitwa mkonga. Nao mkonge wa mashamba ya Kilosa ni jambo jingine kabisa.

Halafu yako mafumbo. Mkono wa pole ni rambirambi. Mkono wa birika ni mtu bahili. Jirani mwenye mkono mrefu ni mdokozi, mfungie kuku wako. Lakini tukisema Serikali ina mkono mrefu, maana yake mhalifu hata akikimbilia mbali atapatikana. Maneno ni yale yale, ila moja ni aibu na jingine ni onyo.

Je, “wananchi wameunga mkono mradi”? Maana yake wamekubali. Lakini jiulize: walikubali wapi? Katika mkutano mkuu wa kijiji, au ni watu watatu tu walioulizwa njiani?

Sasa tufike penye hatari. Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika Kilosa. Nyumba zilibomoka, maelfu ya watu wakakosa makao, na Reli ya Kati ikaharibika kati ya Kilosa na Gulwe. Msiba wa namna hii ukitokea, hakosekani mtu wa kunong'ona kwamba “kuna mkono wa mtu”. Maneno hayo hayataji jina wala hayatoi ushahidi, lakini humwacha kila msikilizaji akimtazama jirani yake kwa jicho baya. Mafuriko yana sababu zinazoonekana: mvua nyingi milimani na tuta lililobomoka. Tuzitafute hizo kwanza.

Yako maneno mengine mabaya zaidi: “wananchi wamejichukulia sheria mkononi”. Yasikilize vizuri. Yanafanya mauaji yaonekane kama kazi ya hakimu. Sheria haikamatwi kwa mkono. Kinachokamatwa ni rungu, panga au jiwe. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, ugomvi wa wakulima na wafugaji ulileta vifo vya watu zaidi ya 30. Palipouawa watu, gazeti na liseme wazi kwamba watu wameuawa.

Na yule “aliye mikononi mwa polisi” je? Huyo ni mtuhumiwa tu. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, yakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika. Basi tusimwite mwizi mbele ya watoto wake kwa sababu tu gazeti limetaja mikono ya polisi.

Ninyi wazazi mnaowasomea wengine, mkikutana na neno hili simameni kidogo mkaulize mambo matatu: Ni mkono wa nani? Umefanya nini? Nani ameuona? Habari ikijibu yote matatu, isomeni kwa sauti kubwa. Isipojibu, waambieni wanaosikiliza kwamba jambo hilo bado halijulikani. Hivyo huenda mtamwokoa jirani asiye na kosa.