Kumlisha Nyoka Windo Lililo Hai: Hukumu na Adabu Zake

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Ndugu Waislamu, mwenye kumfuga chatu kizimbani hukabiliwa na suala ambalo wengi hulidharau: je, yafaa kumtupia panya aliye hai? Suala hili lina sehemu tatu.

Ya kwanza ni kufuga kwenyewe. Mtume (S.A.W.) ameamrisha kuuawa nyoka, kama alivyopokea Ibn Umar (R.A.) katika Sahihi mbili. Wapo wanazuoni waliojengea hapo kwamba kilichoamrishwa kuuawa hakifai kufugwa. Manufaa ya kweli, kama kukamua sumu ili kutengeneza dawa ya walioumwa, kazi ya taasisi ya Butantan ya Brazil iliyoanzishwa mwaka 1901, si sawa na kufuga kwa kujionyesha. Ama nyoka mwenye sumu ndani ya nyumba yenye watoto, hilo ni madhara ya wazi.

Hata hivyo, aliyekwisha kumfungia amebeba dhima. Yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Asiyeweza kumlisha nyoka wake na amkabidhi kwa maafisa wa wanyamapori. Asimwachie mtaani akadhuru wengine.

Ya pili ni windo. Huenda mtu akasema: porini nyoka hula viumbe hai, na hiyo ndiyo riziki yake. Ni kweli, lakini porini panya ana pa kukimbilia. Kizimbani binadamu ndiye aliyemfungia njia, basi kitendo kinarejea kwake. Mtume (S.A.W.) amekataza kukifanya chenye roho kuwa shabaha, na Ibn Umar (R.A.) aliwakemea vijana waliomfunga kuku wakimlenga mishale. Katika Hadithi ya Shaddad bin Aws (R.A.) aliyoipokea Muslim, tumeamrishwa ihsani hata katika kuua. Kwa hiyo kumtia panya kizimbani ili watu watazame na kucheka ni haramu. Na ikiwa nyoka anakubali kilichokufa, kama wengi wanavyokubali wakizoezwa, hakuna haja ya kumtesa kiumbe.

Tena windo hai humdhuru nyoka mwenyewe. Panya aliyeachwa usiku kucha na nyoka asiye na njaa humng'ata, na vidonda hivyo huweza kuoza na kumuua.

Ya tatu ni biashara, na hapa wengi hughafilika. Panya waliokufa wanaouzwa wakiwa wamegandishwa ni mizoga, na Jabir (R.A.) amepokea katika Sahihi mbili kuharamishwa kuuza mzoga. Panya hai naye ni katika wadudu ambao Imam Nawawi, katika Minhaj inayosomeshwa katika darsa zetu za mwambao, amesema mauzo yao hayasihi. Kumlisha mnyama mzoga ni jambo jingine, nalo wapo waliolijuzisha. Kilichozuiwa ni kuununua.

Njia iliyo salama zaidi ni kununua kifaranga hai, ambaye mauzo yake ni halali, kumchinja kwa kisu kikali, kisha kumlisha nyoka. Panya wa mtegoni aliyeuawa kwa pigo moja hana bei, lakini huenda amekula sumu au ana vimelea. Asitumiwe ikiwa jirani wameweka sumu.

Windo lisizidi unene wa nyoka pale alipo mnene zaidi. Lililogandishwa liyeyushwe kabisa, lipashwe kwa maji ya moto, kisha litolewe kwa koleo ndefu, si kwa vidole. Asishikwe kwa siku mbili baada ya kula, maana hutapika. Mikono ioshwe kwa sabuni, kwani nyoka hubeba vijidudu vya salmonela.

Na akikataa katakata kilichokufa hata ikahofiwa atakufa njaa, hiyo ni dharura, na dharura hupimwa kwa kiasi chake: windo liwe dogo, mfugaji asiondoke, na lisipoliwa baada ya dakika chache litolewe.

Maimamu na wawaeleze vijana kabla hawajanunua, kwani aliyejitwika roho ya kiumbe ataulizwa juu yake.

Wallahu a'lam.